Ninafuga Maji

Kokoto niliziosha mara tisa.
Mara ya tisa bado zilitoa uji wa kijivu;
nikaziacha hivyo hivyo, mgongo ulishakata rufaa.
Tenki tulilinunua Gerezani, plastiki nyeupe
ndani ya kizimba cha chuma,
muuzaji akiapa lilibeba mafuta ya kula tu.
Nikaingiza kichwa, nikanusa, nikaamini nusu.
Fundi Mzeru akalikata kwa msumeno:
chini pakawa pa samaki, juu pakawa pa mchicha,
kati yao mabomba, na pampu ndogo kama ngumi ya mtoto.

Huku Kinyerezi maji hayaji kila siku.
Yalipokuja yalikuja na dawa yake;
nikayaacha siku tatu juani
yatoe harufu ya hospitali.

Kisha nikakosea.
Nikaleta vifaranga wa sato sitini
katika mfuko uliotuna hewa,
nikawamimina siku ileile,
kama mtu anayekaribisha wageni
kwenye nyumba isiyo na choo.
Walikula, wakaenda haja, haja ikawarudia mdomoni.
Siku ya nne mwanangu Tunu aliwahesabu kwa kijiti:
thelathini na wanane wanaelea,
mapezi mekundu kana kwamba wamechapwa.
Waliobaki hawakufika Ijumaa.
Tukawazika wote chini ya mpapai.
(Mpapai, tuseme haki, ulinenepa.)

Safari ya pili sikuleta samaki.
Nilileta mkojo.
Ndiyo. Wangu mwenyewe, katika dumu la lita tano,
uliovunda juani mpaka ukachoma macho.
Kijiko kwa kijiko, alfajiri,
kabla majirani hawajafungua madirisha.

Bi Zawena akachungulia juu ya ukuta:
“Wiki ya tatu hii pampu inanguruma,
humo ndani mna nini?”
“Maji.”
“Unafuga maji?”
“Ninafuga maji.”
Alicheka mpaka akaushika ukuta.

Nilitaka kumwambia kuna umma unahamia humu,
hauna macho wala mapezi, unapanga kwenye kokoto.
Wa kwanza huigeuza sumu kuwa sumu nyingine;
wa pili, wazito wa kufika,
huigeuza hiyo nyingine kuwa chakula cha mizizi.
Nikanyamaza. Nani ataamini wapangaji wasioonekana,
katika mji ambao hata wanaoonekana hawalipi kodi?

Kila jioni matone kwenye kichupa, natikisa, nangoja.
Kijani. Kijani.
Kijani cha ganda la ndizi mbichi.
Halafu njano, nikashangilia mapema,
maana kichupa cha pili kikageuka zambarau,
ile iliyoiva, inayoacha doa ulimini.
Siku kumi na saba, zambarau.
Wanasema subira huvuta heri;
hawasemi huivuta kwa kamba ya urefu gani.

Usiku mmoja ukimya uliniamsha.
LUKU imeisha.
Kokoto zinakauka gizani,
nami nimechutama kwenye mita kwa mwanga wa simu
nikibonyeza tarakimu ishirini
kwa ajili ya viumbe nisiowajua hata sura.
Pampu ikakohoa. Maji yakapanda taratibu
hadi kwenye shingo ya bomba, yakamezwa: gubu!
Nikalala palepale, mlangoni.

Siku ya arobaini,
arobaini yao hasa, wale wa mpapai,
kichupa kikawa rangi ya anga.
Nikamwita Tunu aone. Akaona maji.

Samaki wapo sasa, ishirini tu, sina haraka.
Mchicha tumekwisha kuuchuma mara mbili.
Na juzi Bi Zawena alibisha hodi na bakuli mkononi.
Amenunua tenki. Hataki mchicha.
“Nigawie kokoto,” akasema, “zile zenye utelezi.”

Bibi yangu alikuwa akinituma hivi,
kigae mkononi, kwa jirani,
kuomba kaa la moto.
Nikachota viganja viwili, vikanitiririkia hadi viwikoni.
“Usizioshe,” nikamwambia.
“Hata kidogo.”